Mama mkwe Lyon, dada Houston, mimi katikati

Mwezi huu safu yote nimewapa wazazi, maana barua zimekuja za kufanana na karibu zote zinatoka kwa watu wetu walioko nje. Nimezikata kidogo, mnaandika jamani, kuna mmoja kaleta kurasa sita na mbili kati ya hizo ni za kumsema wifi yake tu. Majina nimetoa yote.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi mzaliwa wa Tanga ila niko Lyon, Ufaransa, huu mwaka wa sita, nimeolewa na Mfaransa na tuna mtoto wa kiume wa miaka miwili na nusu. Anti nimechoka. Kila Jumapili tunakula kwa mama mkwe, na pale mezani mtoto ni kama yuko kwenye intavyuu, aseme bonjour kwa kila mtu mmojammoja, asiguse mkate mpaka watu wote wamekaa, akidakia maneno anaambiwa subiri, akililia biskuti saa tano anaambiwa goûter ni saa kumi na nusu (wanatamka gutee, ndo ile chai ya jioni ya watoto) na hapo hakuna cha huruma wala nini. Mume wangu haoni tatizo, kakulia hivyohivyo. Sasa dada yangu mkubwa yuko Houston ana watoto wawili, mwezi wa nane wakaja kututembelea, Anti lilikuwa balaa. Dada anatembea na begi limejaa snaksi, mtoto akifungua mdomo tu kashapewa kitu, wakubwa wakiongea watoto wanaingilia na yeye anasema waache wanajifunza kujieleza, mtoto akichora mstari mmoja tu ni kupigiwa makofi "gud job, gud job!" Mama mkwe akanivuta jikoni akaniambia watoto wa dada yako hawana mipaka. Usiku dada naye akaniambia huyu bibi anamvunja mwanao roho, atakuwa mtu mzima wa kuogopa kuongea. Sa hivi ugomvi umehamia kwenye grupu la familia WhatsApp, watu wanatumiana voisi za dakika nne nne. Na juu ya yote mama yetu anatoka Tanga mwezi wa tatu anakuja kukaa kwangu miezi mitatu. Nani yuko sahihi Anti? Maana nikimnyima mtoto biskuti najiona katili, nikimpa najiona mjinga. (Mama wa katikati, Lyon)

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Kabla ya kukujibu ujue nimezungumza na wote wawili hao kichwani mwangu miaka mingi, kwa sababu nilikaa Ufaransa miaka minne nikilea watoto wa watu, pembeni mwa Paris, mapacha na kaka yao, na sasa hivi binti yangu yuko Minnesota na wajukuu wawili, nimeenda kwake mara tatu na mara zote tatu nikakuta baridi ambayo sitaki kuiongelea. Kwa hiyo nepi nimebadilisha kote.

Hilo neno "sahihi" naomba uliweke pembeni kwanza tuongee saa na hela. Watu wakilinganisha ulezi wa Kifaransa na wa Kimarekani wanaongelea tabia tu, huyu mkali huyu mlegevu, huyu ana subira huyu hana, kama vile tabia inadondoka kutoka mbinguni. Mi nilichokiona ni kwamba mama wa Kifaransa ana subira kwa sababu kuna mtu mwingine anamsaidia kumfundisha mtoto kusubiri, na mtu huyo analipwa.

Wewe ulipojifungua ulipata wiki 16 za likizo ya uzazi, 6 kabla na 10 baada, na ukifika mtoto wa tatu zinakuwa 26. Mumeo, tangu Julai 2021, ana siku 28 na 7 kati ya hizo ni lazima azichukue, bosi apende asipende. Halafu kuna krechi zinazopokea mtoto kuanzia kama miezi miwili na nusu na mnalipa kulingana na kipato chenu, aliyekosa krechi anatafuta yaya mwenye kibali cha serikali anayelea nyumbani kwake, na serikali inachangia. Akifika Septemba ya mwaka anaotimiza mitatu anaingia ile shule yao ya awali, maternelle, bure, na tangu 2019 ni lazima kisheria kuanzia miaka mitatu (zamani ilikuwa sita, ingawa hata kabla ya sheria karibu wote walikuwa wanaenda).

Sasa mgeukie dada yako. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima ya likizo ya uzazi yenye mshahara. Iliyopo ni ya 1993, inakupa wiki 12 bila senti, na hizo uzipate lazima mwajiri wako awe na wafanyakazi 50 au zaidi na wewe uwe umeshamfanyia kazi mwaka. Kuna majimbo yameongeza ya kwao ya kulipwa, California ndo ilianza, ila Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kitu. Kwa hiyo muulize dada yako taratibu, bila voisi ya dakika nne, yeye alirudi kazini mtoto ana wiki ngapi na alikuwa analipa shilingi ngapi dayakea. Nina wasiwasi mkianzia hapo mtalia wote wawili na ule ugomvi wa biskuti mtausahau.

Maana angalia hiyo biskuti yenyewe. Krechini watoto wanakaa kwenye vimeza vifupi, mmoja anahudumiwa wengine wanaangalia, wanapeana kikapu cha mkate, hakuna anayeanza. Akitoka hapo anaenda maternelle, kantini inampa saladi au supu kwanza, kisha chakula chenyewe, kisha jibini au mtindi, kisha tunda, na mapumziko ya mchana kisheria hayapungui saa moja na nusu. Nchi nzima inakula saa ileile, ukitaka chakula cha maana saa tisa mchana mgahawani wanakuangalia kama umepotea. Kwa hiyo mama mkwe akisema "subiri saa kumi na nusu" ana krechi nyuma yake, ana kantini, ana jirani, ana nchi nzima nyuma yake. Mtoto wa miaka miwili na nusu anasubiri kwa sababu wenzake wote wanasubiri na kwa sababu anajua gutee itakuja kweli, haijawahi kukosa.

Houston ni gari. Dayakea ni gari, dukani ni gari, mazoezi ya mpira ni gari, mtoto kafungwa kwenye kiti chake huko nyuma, foleni haisogei, mama katoka kazini kachoka, chakula cha usiku kitapikwa saa ngapi hajui. Ile snaksi ni zana ya kazi kama taulo. Na shuleni mapumziko ya kula kwa shule nyingi ni kama nusu saa hivi na foleni ya kuchukua chakula imo humohumo, mtoto anarudi nyumbani na njaa ya kweli. Nilipokuwa Minnesota siku za kwanza na mimi nilikuwa namsema binti yangu, mbona unawalisha kama kuku, kila saa wanadonoa, wiki ya pili akaniachia niwafuate watoto shule peke yangu, siku ya tatu nikakutwa na begi limejaa vikaki. Simsemi tena.

Sasa tuje kwenye adabu, maana hapo ndo mama mkwe na dada wanapishana kweli na si kwa ajili ya ratiba tu. Mfaransa anamlea mtoto aweze kukaa na watu. Ndo maana bonjour ni kitu kikubwa vile, kwao mtoto asiyesalimia ni kama hajakuona kuwa wewe ni mtu, na mwanangu wewe ni wa Tanga, hilo lisikushangaze, ungemaliza siku nzima Ngamiani bila kumpa mkubwa shikamoo ungerudi nyumbani ukute taarifa imeshafika. Sema kuna tofauti moja ambayo wengi hatuioni. Sisi tulikula sinia la watoto, wakubwa na lao, na ukisogea kule kusikiliza unafukuzwa. Mfaransa anamkalisha mtoto kwenye meza ya wakubwa saa mbili nzima na anataka mtoto naye awe na la kusema zamu yake ikifika. Wale mapacha wangu wa miaka minne walikuwa wanaulizwa na baba yao, haya, leo mmeona nini, na wanangojewa mpaka wamalize sentensi. Kwa hiyo dada yako akisema mtoto atakuwa mwoga wa kuongea, hapana, wanaongea sana hao watu, umewasikia mwenyewe. Wanachofundishwa ni kuomba zamu.

Mmarekani anamlea mtoto asimame mwenyewe. Aseme anataka nini, ajaribu, akosee, ajaribu tena na apigiwe makofi. Usiidharau hiyo "gud job". Mi mwanzoni ilikuwa inanichosha masikio, mtoto kashuka ngazi gud job, kamaliza maziwa gud job, lakini mjukuu wangu ana miaka saba na anasimama mbele ya watu kanisani anasoma, akikosea anacheka anaendelea. Ufaransa ukileta karatasi ya mtihani umepata 14 kwa 20 baba anasema "pas mal", maana yake sio mbaya, na hapo ujue kafurahi. Ishirini kamili watoto wanaisikia tu kwenye hadithi. Yule kaka wa mapacha, mtoto mwenye akili kabisa, alikuwa anafuta daftari mpaka karatasi inatoboka kwa kuogopa kosa. Hapo namuunga mkono dada yako asilimia mia.

Kuna Mswisi mmoja, Jean Piaget, bingwa wa mambo ya akili za watoto, alikuwa akienda Marekani kuelezea hatua anazopitia mtoto lazima mtu ainuke aulize, sasa tutaziharakishaje? Akawa analiita swali la Kimarekani. Mfaransa ana haraka yake pia ila sio hiyo, yake ni mtoto alale usiku mzima mapema, ndo swali utakaloulizwa na kila mtu mtoto akiwa na miezi mitatu, kwenye lifti, dukani, kazini, "anafanya usiku wake?"

Halafu usidhani hizi tabia zimekaa palepale tangu enzi za mababu. Marekani aliyewaambia wazazi walegeze, wambebe mtoto, wambusu, waache kumnyonyesha kwa saa kama wako jeshini, ni daktari Benjamin Spock, mwaka 1946, na ushauri wake ukaenda dunia nzima. (Huyo Spock enzi za ujana wake alikuwa mpiga makasia, medali ya dhahabu ya Olimpiki alishinda mwaka 1924, tena hukohuko Paris.) Ufaransa kulikuwa na Françoise Dolto, daktari, kuanzia 1976 mpaka 1978 alikuwa redioni akijibu barua za wazazi, kazi kama yangu hii ila yeye alikuwa amesoma, na neno lake kubwa lilikuwa kwamba mtoto mchanga ni mtu kamili, ongea naye, mwambie ukweli. Sasa sikia, vijana wa Marekani walipoanza kuandamana kupinga vita ya Vietnam wakubwa wakasema ni Spock huyo katuharibia watoto. Na Ufaransa wakiona mtoto anatawala nyumba wanaita mtoto mfalme, na wapo wanaosema ni Dolto huyo. Kila nchi ina daktari wake wa kutupiwa lawama. Mama mkwe wako kama ana sitini na kitu basi alilea enzi ambazo kila mtu anamtaja Dolto, muulize Jumapili moja, utashangaa habari zitakazotoka.

Na hata leo hawako kitu kimoja. Amerika kuna wanaomwacha mtoto alie mpaka alale na kuna wanaolala naye na kumnyonyesha mpaka miaka mitatu, wote wako Houston, wote wanasema wengine wanaua watoto. Ufaransa sasa hivi wazazi vijana na wanasaikolojia wanagombana kama kumwambia mtoto "nenda chumbani kwako" ni malezi au ni unyanyasaji. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa California, Diana Baumrind, aliwagawa wazazi mafungu matatu, yule wa amri tu, yule wa kuachia tu, na yule mwenye msimamo lakini anasikiliza, na huyo wa tatu ndo watoto wake walionekana wametulia zaidi. Mama mkwe wako anaamini yeye ni wa tatu. Dada yako naye anaamini yeye ni wa tatu.

Na krechi za Ufaransa usizifanye pepo, nyingi hazina nafasi na nyingine ni za biashara tu. Mwaka 2022 mtoto mchanga alifia krechi hukohuko kwenu Lyon, na mwaka uliofuata wakaguzi wa serikali wakatoa ripoti wakisema ubora unapishana mno kutoka krechi moja hadi nyingine. Kwa hiyo mwanao akirudi na alama mwilini uliza, usione aibu ya kuwa mgeni.

Basi fanya hivi. Gutee ishike, si kwa ajili ya mama mkwe, kwa sababu Septemba mwanao anaingia maternelle na kule hakuna atakayemfungulia begi la snaksi, bora saa za tumbo lake ziwe zimeshazoea. Ila mtoto wa miaka miwili na nusu kusubiri bila kazi ni adhabu, mpe kazi, apange vijiko, apeleke mkate. Kwenye kuongea chukua ya dada, akichora mwambie umependa nini kwenye mchoro, na akikosea mbele ya bibi yake usimwahi kumsahihisha. Mama mkwe akisema pas mal wewe mtafsirie mtoto kwa Kiswahili, kwamba bibi kafurahi sana.

Kuhusu mama yenu anayekuja, hilo ndo la kujipanga. Maana kuna jambo moja Wafaransa wengi na Wamarekani wengi wako pamoja, mtoto kulala chumba chake peke yake na mlango umefungwa, na mama yako akilikuta hilo usiku wa kwanza atahamisha godoro, nakwambia. Muachie. Miezi mitatu ya kulala na bibi haijawahi kumharibu mtoto, wewe ulilala naye bibi yako ukiwa na miaka mingapi? Mwambie tu mumeo mapema, asije akaamka usiku kwenda chooni akakuta chumba cha mtoto kitupu akapiga simu polisi. Na grupu la familia weka kimya mpaka mwezi wa tatu.

SWALI: Habari Anti. Mimi ni baba wa watoto watatu, nimetoka Kakamega, tuko Dallas huu mwaka wa nne. Huku wazazi wa kwetu wanaogopa watoto wao, mtoto wa miaka kumi anakuambia nitapiga 911, niite polisi. Mdogo wangu yuko Paris na anasema kule Ufaransa ni afadhali, wazungu wenyewe wanachapa, kofi la matako ni kawaida. Ni kweli? Na hapa Texas sheria inasemaje, maana kila mtu ako na story yake. (Baba wa watatu, Dallas)

JIBU: Mdogo wako anaongelea Ufaransa ya zamani, ndugu yangu. Kofi la matako lilikuwepo kweli, nimeliona, lina hadi jina lake la kubembeleza. Lakini Julai 2019 walipitisha sheria kwamba mamlaka ya mzazi yanatumika bila ukatili wowote, wa mwili wala wa kisaikolojia. Haina faini yake mpya wala kifungo chake kipya, iko kwenye sheria ya familia, ila hicho kifungu ndo kimojawapo wanachosomewa maharusi pale ofisi ya meya siku ya ndoa, mbele ya mashahidi, kwa hiyo huwezi kusema hukusikia. Na mzazi akimuumiza mtoto, sheria za jinai zilikuwepo tangu zamani. Namba ya kuripoti kule ni 119, bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kwa hiyo yule Mfaransa unayemwona mkali, wa "hapana" moja na macho, ndo nchi yake imekataza kupiga, na Mmarekani unayemwona anambembeleza mtoto na stika za nyota ndo sheria yake haijakataza. Inachekesha lakini ndo ilivyo. Majimbo yote 50 mzazi anaruhusiwa adhabu ya mwili "ya kiasi", na hilo neno kiasi ndo mtego wote. Tena majimbo kadhaa na Texas ikiwemo hata mwalimu anaweza kuchapa shuleni, Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1977 ilisema katiba haikatazi, ingawa Texas mzazi akiandika barua kwamba mwanangu asiguswe basi haguswi. Madaktari wa watoto wa Marekani kupitia chama chao walisema wazi mwaka 2018, msipige, haisaidii na inaharibu.

Sasa wewe usitumie hiyo ya "inaruhusiwa" kama leseni. Ukiacha alama, ukitumia waya, ukimpiga kichwani, hapo kiasi kimeisha. Na Texas kila mtu akishuku mtoto anaumizwa analazimika kuripoti, sio mwalimu peke yake, hadi yule mama wa kanisani. Na huyo wa 911 usimfokee, muulize alitaka kuwaambia nini hao polisi, mi niliwahi kumuuliza mjukuu wangu akaniambia atawaambia bibi kanizimia tableti. Tukacheka wote, tableti ikabaki imezimwa.

SWALI: Jambo Anti. Sisi ni watu wa Bukavu, tunaishi Lewiston, jimbo la Maine. Kijana wangu wa miaka tisa alitoka kwenda kwa rafiki yake, ni mitaa mitatu tu, jirani akamrudisha na gari na akaniangalia mimi vibaya sana. Mdogo wangu iko Lille na mtoto wake wa miaka nane anatumwa mkate kila asubuhi, hakuna mtu anasema kitu. Mbona nchi ya uhuru ndio haina uhuru wa mtoto? (Papa wa Lewiston)

JIBU: Papa, hilo hata wao linawauma. Mwaka 2008 mwandishi wa New York, Lenore Skenazy, aliandika kwamba kamruhusu mwanawe wa miaka tisa, sawa na wako, kupanda treni ya chini ya ardhi peke yake, nchi nzima ikamrukia, akaitwa mama mbaya kuliko wote Amerika. Yeye akageuza ikawa kampeni, na mwaka 2018 jimbo la Utah likawa la kwanza kuandika kwenye sheria kwamba kumwacha mtoto anayejiweza atembee kwenda shule au acheze nje sio kumtelekeza. Texas na mengine yakafuata.

Sehemu kubwa ni jinsi miji ilivyojengwa. Lille duka la mkate liko kona, njiani kuna watu, muuza mkate anamjua mtoto kwa jina, na mtoto akifika asiposema bonjour anarudishwa mlangoni aanze upya. Amerika mitaa mingi hata pa kutembea kwa miguu hapana, mtoto akionekana peke yake barabarani anaonekana kama kapotea. Na Mfaransa anaanza mapema kumwachia, kuna madarasa yanaondoka na mwalimu siku kadhaa, mlimani au baharini, mzazi anabaki nyumbani anahesabu soksi. Lakini usidhani hawana masharti, mtoto wa maternelle hatolewi getini mpaka akabidhiwe mzazi au mtu aliyeandikwa na mzazi, akifika shule ya msingi ndo anaweza kutoka mwenyewe.

Huyo jirani mpelekee sambusa. Nasema kweli. Mpeleke na kijana ajitambulishe, amwonyeshe rafiki yake anakaa nyumba ipi na anapita njia ipi, mpeane namba za simu. Jirani mwenye kazi ya kuangalia akishamjua mtoto anageuka kuwa askari wako wa bure. Na shuleni uliza wanataka mtoto awe na umri gani kutembea mwenyewe, mjue mnasimama wapi.

SWALI: Anti swali fupi. Ni kweli Wafaransa wanawapa watoto wao mvinyo? Naenda kule kuwa yaya mwezi wa tisa na nimesikia mengi. (Binti wa Nairobi)

JIBU: Walikuwa wanawapa, tena shuleni! Mwaka 1956 ndo waliwakataza watoto chini ya miaka 14 kupewa kilevi kwenye kantini za shule, na kwa wakubwa zaidi ilikatazwa kabisa 1981. Leo mezani ni maji, wala sio soda, hilo utaliona siku ya kwanza, na ile tomato sosi unayoweka kwenye kila kitu tangu 2011 kantini hairuhusiwi kuiachia mezani kila mtu ajipimie. Ukimkuta babu anachovya kidole kwenye glasi ampe mtoto alambe, wewe sio wa kumfundisha babu wa watu, mwambie mama mtoto. Na kabla hujaondoka hakikisha kwenye mkataba pameandikwa Jumatano, maana shule nyingi siku hiyo hazina masomo au ni nusu siku, mabinti wengi wanakuta siku nzima ya watoto watatu ambayo hakuna aliyewaambia.

Mwezi ujao ni zamu ya mawifi. Kurasa mbili tu jamani, sio sita.